Maji ya mfongo yakivuja, anayepoteza ni nani?

Mhandisi akipita Marangu au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jambo la kwanza analoliona kwenye mfongo, mfereji wa jadi wa Wachagga wa kumwagilia, ni uvujaji. Mtaro ni wa udongo, banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ni la mawe na matawi, maji yanachuruzika njia nzima. Dawa yake ni moja: sakafia kwa saruji. Mimi nakubaliana naye nusu.

Bonde la Pangani lina kiu kweli. Mito ya Kilimanjaro inalisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko chini mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls (huu wa pili una megawati 68) inasubiri maji hayohayo. Mto ukipungua, maji ya bahari hupanda kutoka mdomoni Pangani hadi kwenye mashamba. Mkulima wa huko huwezi kumnyamazisha kwa kumwambia mifongo ni urithi wa Wachagga.

Ila maji yanayovuja mlimani hayayeyuki. Kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, kinayanywa: migomba, kahawa, magimbi, miti ya kivuli. Mengine huzama na kuibukia chini kama chemchemi. Ukisakafia huko, umemwokolea nani, na umemkaushia nani?

Halafu saruji haigawi zamu. Skimu ya mpunga ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, ilikuwa na mifereji ya kisasa na bado ikapungukiwa: wakulima wa juu yake nao waliupenda mpunga, wakayafungulia maji mashambani kwao.

Kugawa zamu ndiko mfongo unakojua. Ukoo uliouchimba, wazee, siku ya kusafisha mtaro, faini kwa asiyefika, nduwa (bwawa dogo la kuhifadhi maji) inayojazwa usiku. Tusiupambe lakini: wanawake waliwekwa nje ya vikao, na ukoo mwanzilishi ulikuwa na kauli kuliko wengine.

Sheria ya maji ya 2009 inazitambua haki za kimila, ila kibali na ada ya kutumia maji vinawakera wengi wanaosema maji ni ya Mungu. Bodi ya maji ya bonde nayo itagawaje kisichopimwa?

Ningekuwa mwamuzi, ningeweka lango lenye kipimo pale banioni, mto ukishuka na mfongo upunguziwe. Ndani ya mfongo zamu zibaki kwa kamati yao, wanawake wakiwemo. Saruji ningeianzia tambarare, kwenye jua kali na mashamba ya mpunga, si vihambani.