Taa ya Kubebeka na Sado Mbili za Dagaa

Kosa la kwanza lilikuwa magurudumu. Niliona begi jeusi lenye magurudumu mawili na mpini wa kuvuta, ndani mna flashi mbili za studio, stendi mbili na miavuli miwili ya kutawanya mwanga, nikajiambia hiki sasa ndicho kifaa cha kubebeka. Muuzaji akanigusa bega: "Bosi, hii ni mia nne." Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua mia nne ya nini.

Ilikuwa mia nne ya wati-sekunde, yaani nishati ambayo taa inaijaza kwenye kapasita, ghala lake dogo la umeme, kisha inaimwaga yote kwa mfyatuo mmoja. Kwa picha za nje hiyo ni nguvu ya kutosha kabisa. Shida ilikuwa mkiani: waya mnene wenye plagi ya ukutani. Na mimi nilikuwa nimeshakula advansi ya familia moja iliyotaka picha za mahafali ya binti yao ufukweni, upande wa Igombe hapa Mwanza, ziwa likionekana nyuma. Mwalo ule una mitumbwi, nyavu, mawe na dagaa. Soketi hauna.

Fundi wa sola mtaani kwetu Kirumba akaniazima inverta ya wati 300, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya gari aina ya N70. "Hii inawasha TV na redio usiku kucha," akasema. Hakusema neno kuhusu flashi, na mimi sikuuliza. Betri peke yake inazidi kilo 15. Kwa hiyo kifaa changu cha kubebeka kilikwenda Igombe kwa bodaboda mbili, mimi nimepakata betri kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Msinione mzembe, nilikwenda kukagua eneo siku moja kabla. Tatizo nilikwenda saa mbili asubuhi, ziwa limetulia kama chai kwenye kisosi. Mchana ni habari nyingine. Jua likishaipiga ardhi, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda juu, na hewa ya ziwani inakuja mbio kuziba nafasi. Kufika saa tisa alasiri khanga za akina mama zote zinaelekea upande mmoja. Mtoto yeyote wa mwaloni angenieleza hayo kwa pipi moja.

Tukaanza saa tisa na nusu. Watu sita wamepanga mstari, migongo ziwani, jua nyuma yao. Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), ziwa lilinitaka apacha ya f/11 (tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linabana), na kwa f/11 nyuso zote zilikuwa giza. Hapo ndipo flashi inalipia nauli yake. Nyumbani nilishapima: nguvu kamili, umbali wa mita 2, napata f/11 bila jasho. Nikafyatua. Taa ikawaka vizuri mno. Halafu inverta ikapiga piiiiii ndefu, ikazima.

Bibi wa familia akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kinacholia ni nini?"

Kilicholia ni hesabu, bibi. Flashi ikishafyatuka inavuta umeme kwa pupa ili kapasita ijae tena. Wati-sekunde 400 zikijazwa ndani ya sekunde moja ni wati 400, kabla hujahesabu zinazopotea njiani, na inverta yangu mwisho wake 300. Juu ya hapo nilikuwa nimesahau kuzima taa ya kuelekezea, ile balbu ya wati 150 inayowaka muda wote ili uone kivuli kinaangukia wapi. Kwenye jua la saa tisa huioni hata ukiitolea macho, lakini ilikuwa inakula nusu ya inverta bure.

Nikaizima balbu. Inverta ikalia tena. Nikashusha flashi hadi robo ya nguvu, ikanyamaza.

Robo ya nguvu maana yake stopu mbili zimekwenda, na kila stopu ni nusu ya mwanga: f/11 imekuwa f/5.6. Nikajaribu ujanja wa kupandisha shata hadi 1/500 ili nilipunguze jua na kufungua apacha. Kamera yangu inakubaliana na flashi mwisho 1/200. Ukizidisha hapo, pazia la shata linaanza kufunga kabla fremu yote haijapata mwanga. Binti akatoka uso umeng'aa, joho limezama gizani. Nikarudi 1/200.

Ikabaki dawa ya kale: sogeza taa. Umbali ukiupunguza kwa nusu, mwanga unaongezeka mara nne, ndizo zilezile stopu mbili nilizopoteza. Kutoka mita 2 hadi mita 1. Nikajipongeza kimoyomoyo. Nikafyatua, nikatazama skrini. Bibi, aliyekuwa mita 1 kutoka kwenye taa, yuko adhuhuri. Mjomba, aliyekuwa mwisho wa mstari, mita 2 na ushee, yuko saa mbili usiku. Ile hesabu ya mara nne haichagui upande.

"Kijana," mjomba akasema, "mimi umenitoa kwenye familia?"

Sikupata muda wa kumjibu. Ili nisipoteze mwanga nilikuwa nimeifungia taa mwavuli wa rangi ya fedha, ule mweusi kwa nje, kwa sababu unatupa mwanga mwingi kuliko mweupe wa kupenyeza. Lakini mwavuli wa kurudisha mwanga unaelekeza tumbo lake kwa mteja, na mteja alikuwa ameupa ziwa mgongo. Kwa hiyo tumbo la mwavuli lilitazamana na upepo. Wavuvi wana jina la kitu kilichokaa namna hiyo: tanga.

Mpwa wangu, msaidizi wa siku ile, hakupiga kelele kwamba taa inaanguka. Alisema kwa utulivu kabisa, "Anko, inaondoka."

Ikaondoka. Stendi ya alumini, flashi, mwavuli, na waya ulioiburuta inverta nyuma kama mbuzi asiyetaka mnada. Vyote vikatua katikati ya dagaa wa mama mmoja, walioanikwa wakakaribia kukauka.

"We baba!" mama akasimama, mikono kiunoni. "Unavua nchi kavu?"

Mzee aliyekuwa anashona wavu pembeni akaja kuitazama stendi kama daktari. "Taa yako haina nanga," akasema. Taa zao za kuvulia dagaa usiku zinakaa juu ya maji na hazitoroki, kwa kuwa kila moja ina kamba na jiwe. Nikatazama kushoto, mawe. Kulia, mawe. Jiji zima limekaa juu ya mawe, Jiwe la Bismarck, lile maarufu lililosimama ziwani, linapigwa upepo miaka nenda rudi halijawahi kwenda popote, na mimi nimekosa jiwe la kilo 5.

Tukajaza mawe kwenye mfuko wa salfeti, tukaufunga chini ya stendi upande unaotoka upepo, ukigusa mchanga kidogo ili usiyumbe. Mguu mmoja wa stendi nikauelekeza kule upepo unakokwenda. Mwavuli nikauvua, nikaweka bakuli la chuma la inchi 7. Mwanga wake ni mkali zaidi lakini upepo hauna pa kuushika. Kisha nikainunulia familia soda, tukasubiri. Saa kumi na mbili kasoro robo ziwa lilinitaka f/5.6 tu, na kwa bakuli lile robo ya nguvu ikatosha hata taa ikiwa mita 3. Kwa umbali huo mjomba akarudi kwenye ukoo.

Dagaa nililipa sado mbili, elfu ishirini. Mama alipoinama kuwakusanya, jua likawapiga wale waliong'aa juu ya turubai jeupe, uso wake ukajaa mwanga laini kutoka chini. Nikampiga picha bila flashi. Ndiyo picha bora ya siku ile, na aliniomba nimsafishie bure kwa kuwa "taa zilikuwa za kwangu."

Siku hizi natembea na flashi ya betri ya wati-sekunde 200, uzito kama kilo moja, pamoja na mfuko mtupu wa salfeti. Mawe nayakuta hukohuko.

Mwavuli nimeufua kwa sabuni ya unga mara tatu. Kila nikiufungua studio, paka wa jirani anaingia bila hodi, anajilaza katikati ya tumbo la fedha, na kunitazama kama mteja aliyeshalipa advansi.