Mwenye Simu Amechukuliwa na Upepo

Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973. Mimi barua yangu ilinifikia 2019. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyenishauri nisinunue ubao wa tanga.

Kwa ambao hawajauona: ni ubao mnene unaoelea, mrefu kuliko kitanda. Juu yake kuna mlingoti wenye kiungo kinacholegea kila upande, na tanga limewambwa humo. Wewe unasimama, unashika gongo lililozunguka tanga, upepo unafanya yake. Wangu ni wa ujazo wa lita 200, saizi ya wanafunzi. Aliniuzia Mzungu mmoja pale Dar aliyekuwa anarudi kwao. Wikendi nne nilianguka baharini mpaka maji ya chumvi nikayazoea kama supu. Ya tano nikasimama. Ya sita barua ikaja.

Kutoka Dar mpaka Dodoma ni kilomita 450 hivi, na ukifika uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari uliyoiacha. Maji ya kuchezea hakuna. Lakini upepo! Yule kusi anayewasumbua wavuvi wa pwani kuanzia Juni, huku kwetu anafika mkavu, ana hasira, kabeba vumbi lote alilolikuta njiani. Mke wangu anafunga madirisha, mimi natoka uani nalamba kidole nakiinua juu. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji, na kila nikipita karibu shingo inageuka yenyewe kutafuta ile soksi ya upepo. Nikiiona imesimama mlalo nasikia uchungu wa mtu anayepita mbele ya nyama choma na mfukoni hana kitu.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa Mtera. Bwawa kubwa, linazalisha umeme, perege wake watamu. Pia lina viboko na mamba, na mimi kwa umri wangu kuanguka majini bado naanguka mara kumi kwa saa. Nikachagua Hombolo, kilomita arobaini hivi kutoka mjini.

Jumamosi moja ya Agosti 2023 nikakodi kirikuu. Ubao tukaufunga juu kwa kamba za mpira, ukatokeza mbele na nyuma kama mbawa za ndege iliyokatwa. Njiani askari wa barabarani akatupungia mkono. Akauzunguka mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Ubao wa kupandia upepo, afande. Ni mchezo wa Olimpiki tangu 1984."

"Mbao."

"Ubao mmoja tu, afande."

"Kibali cha mazao ya misitu kiko wapi?"

Ilibidi nimgongee ausikie kwamba ni plastiki na ndani ni povu. Dakika ishirini. Mwishowe akatuachia, akamwambia dereva awe makini, na macho yake yalikuwa kwangu.

Pale bwawani nikamkuta mzee anashona nyavu chini ya mbuyu.

"Shikamoo mzee. Humu mamba yupo?"

"Marahaba. Mamba?" Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Mimi sijamwona." Akapitisha sindano mara mbili tatu, akaongeza: "Labda yeye ndiye ananiona."

Nikavua nguo. Nikabaki na taiti nyeusi iliyoishia magotini, raba za majini na laifu jaketi ya rangi ya machungwa. Suruali, viatu, pochi na simu nikamwachia mzee. Dereva nikamwambia anifuate saa kumi.

Wakati wa kuunganisha vyombo nikagundua mkuku haumo kwenye mfuko. Huu ni kipande chembamba, cheupe, chenye umbo la panga, kirefu kama mkono wa mtu. Kinapita katikati ya ubao na kushuka majini, kazi yake ni kuuzuia usiteleze ubavu upepo unapousukuma. Mara ya mwisho niliuona siku tulipohamia nyumba. Mtu mwenye akili angefungasha akarudi mjini. Mtu mwenye akili, hata hivyo, hangoji upepo miaka minne.

Nikavuta tanga, likajaa.

Sijui niwaelezeje. Gongo lilinivuta mabega, nikaegemea nyuma, ubao ukaacha kubwabwaja majini ukaanza kunong'ona. Maji yakapita pembeni kama kitambaa kinachochanwa. Nilipiga kelele peke yangu, mtumishi wa umma mwenye watoto watatu. Nyuma yangu nilimsikia yule mzee naye akishangilia. Baadaye nilikuja kujua alikuwa ananiita nirudi.

Wapwani wana neno tamu la kurudi kule upepo unakotoka: kubisha. Chombo hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso, kwa hiyo kinakwenda upande huu, kinageuka, kinakwenda upande ule, hivyo hivyo mpaka kifike. Mimi kubisha najua, muulizeni mke wangu. Lakini bila mkuku, kila nilipoelekeza ubao kwenda upande, wenyewe uliteleza kinyumenyume kuelekea ng'ambo, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Nilikuwa nautazama ule mbuyu wenye suruali yangu. Bisho la kwanza ulikuwa mbuyu. La tatu ukawa mchicha. La tano nikaanguka, tanga likalala juu ya maji, na mgongo wangu ukakataa kulivuta tena. Nikajilaza juu ya ubao. Upepo ukanipeleka ulikotaka.

Kila anayehamia Dodoma husimuliwa hadithi ya jina la mji: tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, wenyeji wakasema kwa Kigogo "idodomya", amezama. Nilikuwa naichukulia kama hadithi ya kuwachangamshia wageni. Sasa, mwezi wa nane maji ya bwawa yanakuwa yamerudi nyuma, na kinachobaki ukingoni ni tope lenye ngozi kavu kama chapati, chini yake uji. Hatua ya kwanza chapati ikanibeba. Ya pili ikasitasita. Ya tatu nikadodoma mpaka magotini.

Palikuwa na babu anachunga mbuzi. Alikuwa amenitazama tangu nikiwa kidoa.

"Mbukwenyi!" nikampigia, Kigogo changu chote.

Akaitikia, akasogea mpaka pale ardhi ilipokuwa ya kuaminika. "Unatoka wapi, mjukuu wangu?"

"Ng'ambo, babu."

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

Akaangalia ng'ambo. Akaniangalia mimi. "Sasa huku umefuata nini?"

Alinitoa kwa fimbo yake. Raba moja ya kushoto ilibaki mle na mpaka leo imo. Ubao nikauacha kwake, na kabla sijaondoka mbuzi wawili walikuwa wameshalala kwenye kivuli cha tanga. Nikaanza kulizunguka bwawa kwa mguu, raba moja, taiti, jaketi ya machungwa. Akina mama waliokuwa wanatoka shamba waliniachia njia yote. Nilipopata bodaboda jua lilikuwa limeshainama, na kijana akanihoji kama afisa mikopo: "Huna hela, huna suruali, unataka nikupeleke ng'ambo. Ukifika utanilipa nini?" Tukaelewana elfu kumi na tano.

Chini ya mbuyu hapakuwa na mzee, hapakuwa na kirikuu, hapakuwa na suruali. Safari ikawa ya mjini, elfu arobaini.

Yaliyotokea huku nyuma nilisimuliwa baadaye. Saa saba mchana mke wangu alipiga simu kuniambia nipitie mkaa. Mzee akapokea.

"Mwenye simu hayupo."

"Yuko wapi?"

"Amechukuliwa na upepo."

"Amechukuliwa na nani?"

"Na upepo, mama. Tulikuwa tunamwona mpaka kule katikati, halafu tanga likalala."

Simu ikaisha chaji hapohapo. Mzee hakusema uongo hata neno moja. Saa kumi dereva akaja kama tulivyoagana, akakabidhiwa vitu vyangu, akasubiri, jua likaanza kuzama, akaona busara avipeleke nyumbani. Alimfikia mke wangu na suruali iliyokunjwa vizuri, viatu juu yake, na uso wa huzuni.

Nilifika saa mbili usiku. Kutoka kona ya mtaa niliona viti vya plastiki nje kwetu na taa imetundikwa juu ya mti. Nikamwambia bodaboda, "Jirani atakuwa amefiwa." Kisha nikaona viti vyote vimeelekea mlango wangu.

Watu walinyamaza. Mtoto mmoja alikimbia. Mke wangu akatoka, akaja mbio, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akalia kidogo. Halafu akashusha macho mpaka miguuni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Junior, na kiatu cha pili?"

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na daftari la michango. Wengine waliona aibu kwa niaba yangu, lakini mimi niliomba niliangalie, maana nafasi kama hiyo mtu haipati mara mbili. Ofisini walikuwa wametoa vizuri, sina ugomvi nao. Jamaa mmoja wa mtaa wa pili, ninayemdai elfu hamsini tangu mwaka juzi, alikuwa ameandikiwa elfu mbili, na pembeni yake kwa wino mwekundu: ahadi.

Nikapita uani kwenda kunawa tope. Akina mama walikuwa wameshainjika sufuria kubwa, na mmoja wao kainama anakatakata vitunguu vya msiba wangu. Aliponiona kisu kikamponyoka. Nikainama kumwokotea, na hapo nikakiona alichokuwa anakatia: chembamba, cheupe, umbo la panga, kirefu kama mkono wa mtu, kimejaa makovu ya kisu ya miaka minne.

"Dada, huu ubao umeutoa wapi?"

"Si wa hapahapa jikoni kwenu, shemeji," akasema, bado anatetemeka. "Mzuri kweli. Hautelezi."