Bao la mwembeni Ujiji ni la nani?

Chini ya mwembe mmoja hapa Ujiji kuna bao linalochezwa kila siku, alasiri mpaka magharibi. Juzi kijana wa sekondari alipewa nafasi. Zamu ya tatu akaanza kuhesabu kete kwa kidole, shimo kwa shimo. Mzee akamshika mkono: "Hapa hatuhesabu kwa kidole, mjukuu wangu. Kajifunze kwanza, ndio uje." Kijana akainuka. Hajaonekana tena.

Wazee nimewasikiliza, na siwabezi. Bao la kiswahili ni zito: mashimo 32, kete 64, na namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja ubaoni, unaianza ukiwa na kete 22 mkononi. Fundi anauona mzunguko mzima kabla hajagusa kete. Mkalishe mtu asiyejua lini alale kwenye nyumba, lile shimo lake kuu, yaani aishie hapo, na lini asafiri, yaani azichote kete zake aendelee kuzisambaza, mchezo unakufa, na nyuma ya wachezaji watu wanne wanasubiri bao hilo hilo moja. Ukali huo umelinda ufundi.

Ila akajifunzie wapi? Hapo wazee wananipoteza, maana mchezo wenyewe umemwekea mwanafunzi mlango: bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, hakuna namua, mnaingia mtaji, hatua ya pili ya kucheza kete zilizo ubaoni tu, moja kwa moja. Mashimo yanachimbika ardhini hatua mbili kutoka mwembeni. Komwe, zile mbegu za kuchezea, zikikosekana, kokoto zipo.

Watu husifu kijiwe cha bodaboda, kwamba kwenye drafti kila mtu anakaribishwa. Ni kweli, lakini sidhani vijana wale ni wakarimu kuliko wazee. Drafti yao ni kadibodi na vizibo vya soda, kete 12 kila upande. Mgeni akikosea anafungwa upesi, anapisha. Kosa la mgeni haliwagharimu jioni nzima.

Kwa wanawake, hata hoja ya uchache wa bao haisimami. Jioni ile ile mama anayekaanga mihogo pale kando alisema polepole, "Akianzia kichwa cha kushoto anakula mara tatu." Wakamjibu, "Mama, geuza mihogo inaungua." Mzee akafikiri kidogo, akaanzia shimo la mwisho la kushoto. Akala mara tatu. Hakuna aliyegeuka kumtazama yule mama, na hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema kwao, na kaka zake, kwenye mashimo waliyochimba uani. Kete za mwembeni hajawahi kuzishika.