Falsafa Inayodeki

Mtu akikwambia falsafa haina kazi nyumbani, mwambie aje kwangu. Hapa inadeki, inaosha vyombo na kuziba bomba.

Kosa ni la Epictetus, mwanafalsafa wa kale, mmoja wa Wastoiko, wale wanaofundisha mtu atulie hata mambo yakiharibika. Yeye ndiye aliyesema kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu na mambo yasiyo katika uwezo wetu. Fikra zako, unachokitaka na unachokikimbia, hayo ni yako. Mwili, mali, cheo na midomo ya watu si yako, usijitese nayo. Maneno matamu kweli, nikayafikisha sebuleni. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza (hapo tu ningeshtuka), kisha akauliza kwa upole, "Sasa baba watoto, vile vyombo viko upande gani?"

Toka siku hiyo tuna orodha mbili humu ndani, na anayezigawa si Epictetus. Bomba linalovuja: uwezo wangu. Taa ya ukumbini: uwezo wangu. Kelele za jirani saa nane za usiku: uwezo wangu vilevile, maana "mwanamume si upo?" Ile orodha ya yasiyo katika uwezo wangu ni fupi, ina rimoti na safari za mama mkwe. Lini anakuja, lini anaondoka. Hasa lini anaondoka.

Epictetus huyohuyo anafundisha kwamba kabla hujaenda kwenye bafu la umma, ujikumbushe yanayotokea kule: watakurushia maji, watakusukuma, watakutukana, watakuibia. Ukijiandaa, hutashangaa. Haya, nami hujiandaa kila asubuhi kwa bafu letu la hapa ndani. Lakini hakuna mahali aliposema kuhusu binti aliyejifungia humo na simu wakati wewe umechelewa kazini. Afadhali hata anayekusukuma, angalau mmeonana.

Marcus Aurelius naye, Mstoiko aliyeitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiambia alfajiri kwamba leo atakutana na wambea, wasio na shukrani, wenye kiburi, waongo na wenye husuda. Mimi hawa nakutana nao kabla sijapiga mswaki, wote wamo kwenye kundi la ukoo simuni, na wengine ndio viongozi wa kundi. Halafu mwenzangu alikuwa mfalme mwenye majeshi kwenye mto Danube. Shemeji yangu nimtumie kikosi gani?

Maana shemeji anadaiwa. Nilitaka kumfokea, nikamsikia Seneca, Mstoiko mwingine wa Roma, akisema dawa kubwa ya hasira ni kuichelewesha. Nikaichelewesha. Nimeichelewesha mpaka deni limesahaulika, na aliyesahau si mimi. Juzi kaja tena, kanikuta nimetulia kama nilivyofundishwa, akasema, "Shemeji, nakupenda kwa sababu huna makuu," akakopa nyingine. Seneca alikuwa tajiri wa kutupwa, mdaiwa mmoja akimtoroka anampungukia nini? Na bado anashauri utenge siku chache ujizoeze umaskini, ule vya bei rahisi, uvae nguo za kukwaruza, uone kama ndicho ulichokuwa unakiogopa. Mazoezi hayo! Wenzenu kila ikifika tarehe ishirini tunacheza fainali.

Lakini lililoniponza zaidi ni lile la Epictetus la kwamba ukimbusu mkeo au mwanao, ujiambie moyoni unambusu kiumbe atakayekufa, ili likitokea usivunjike. Nikajiambia moyoni. Midomo nayo ikacheza kidogo. "Nani atakufa?" Nikaanza kueleza kuhusu Wastoiko, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusogezwa ukingoni mwa kitanda.

Basi ndipo nikakutana na kisa anachokisimulia Lucian, mwandishi wa kale wa kejeli. Epictetus alimhimiza mwanafalsafa mwenzake, Demonax, aoe na azae. Demonax akamjibu, "Sawa Epictetus, niozeshe mmoja wa binti zako." Binti wenyewe hakuwa nao, wala mke! Kumbe ushauri wote ule wa kumbusu mke umetoka kwa kapera. Nikamsomea mke wangu, nikitegemea atanihurumia. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Mama kapiga simu. Anakuja Jumamosi, na safari hii hana haraka. Umefurahi?"

Nikapiga hesabu upesi. Yeye kuja si juu yangu. Uso wangu uko juu yangu. Nikasema nimefurahi sana.

"Mbona unalitamka kama unasoma?"