Avokado Yenye Meno

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa sikukuu ya ghafla, eti twende tupande miti. Wenzangu mtaani walipanda vitanda. Mimi mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na jembe, kwa hivyo nikapanda mti.

Tunaishi mtaa wa Utawala, Nairobi, kwenye ule udongo mweusi unaokuvua viatu mvua ikinyesha, na mvua za El Niño ndizo hizo zilikuwa zinamwagika. Jamaa wa miche kando ya barabara aliniuzia avokado ya Hass, ya kupandikizwa, shilingi 250. Alipoanza kunieleza inavyopandwa nikamkatiza: "Boss, mimi nimezaliwa Murang'a." Nimezaliwa huko kweli. Nililetwa Nairobi nikiwa na miezi minne.

Nikachimba shimo la kutosha sufuria ya ugali. Mche nikautumbukiza na karatasi yake nyeusi ya plastiki, nikidhani ni ya kukinga mizizi baridi. Lile fundo la kupandikizia nikalifukia kabisa, maana lilikaa kama kidonda. Kisha nikaacha bonde pembeni ili maji yasipotee. Hayakupotea. Kufikia Ijumaa kulikuwa na chura.

Mche ukaanza kuegemea upande kama mlevi wa saa nane usiku. Jirani yangu alikuwa anapunguza matawi upande wake, akanipitishia kijiti juu ya ua. Nikakichomeka, nikaufunga mche kwa kipande cha fulana kuukuu.

Majani yakageuka kahawia, yakadondoka moja baada ya jingine. Nikamwambia mke wangu inabadilisha nguo. Na kweli, wiki ya Krismasi nikaona machipukizi ya kijani! Picha ikaenda kwenye grupu la familia: "IMESHIKA!" Shangazi zangu watatu wakajibu Amina. Kuanzia siku hiyo ilikuwa samadi ya kuku na salamu kila asubuhi.

Januari mama akaja kutoka Murang'a, na kabla ya chai akataka kuonyeshwa avokado. Akashika jani. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akavaa tena.

"Hili jani lina meno kama msumeno. Avokado iliota meno lini?"

"Ni Hass, mama."

"Ni mforosadi, mwanangu."

Akafungua ile fulana. Kando ya mforosadi kulikuwa na ukuni mmoja mkavu, ambao wiki zote hizo nilijua ndio kijiti cha jirani. Akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka na karatasi yake nzima kama siku niliyoinunua, maji ya uvundo yakichuruzika.

"Uliizika na sanda?"

Jioni hiyo nilichimba upya, futi mbili kwa futi mbili, mama akisimamia kutoka kitini. Udongo wa juu kando, uchanganywe na samadi, karatasi ichanwe, fundo libaki nje, na kwa udongo huu unaotuamisha maji, mche ukae juu ya tuta, si ndani ya beseni. Mche mpya alikuwa amekuja nao mwenyewe kwenye matatu. Ni kana kwamba alijua.

Jirani akachungulia juu ya ua, akautazama mforosadi kwa muda mrefu.

"Baba Wambui, naona kijiti changu kinaendelea vizuri. Forosadi zikiiva, nusu ni zangu."