Nyimbo Nne na Cherehani Moja

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, na saa sina. Saa ya nini na redio ninayo? Gitaa la ule wimbo wa bwana aliyeachwa likianza kulia, ni saa mbili na robo, mama wa mahamri wa mlango wa pili anaepua ya mwisho. Ukija ule wa "rudi mpenzi", ni saa nne, natafuta chai. Yule bwana akiachwa mara ya pili, adhuhuri imekaribia. Miaka kumi na moja sasa anaachwa kabla ya adhuhuri, na hajapata wa kumshauri aende posa kwingine.

Sisemi nyimbo ni mbaya. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms ulitoka 1982, wimbo mtamu, wa pwani yetu wenyewe, mpaka Boney M. kule Ujerumani wakaona nao wauimbe. Lakini ule ni wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mimi nimezaliwa Shela ya hapa hapa Malindi, hatua chache kutoka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na kila siku nakaribishwa Kenya mara nne! Vasco mwenyewe alipofika 1498 alikaribishwa mara moja tu, akapewa na rubani wa kumvusha hadi India, akaenda zake. Mimi sipewi rubani.

Utaniambia, si ubadilishe stesheni? Nabadilisha. Nazungusha kitufe: huku yule bwana yuko ubeti wa kwanza, bado anabembeleza. Nasogeza kidogo: kule yuko kwenye kiitikio, machozi yanamtoka. Nasogeza tena: tangazo la mikopo ya simu. Nashukuru Mungu, angalau mkopo. Linakwisha tangazo, huyooo, ndiyo kwanza anaachwa.

Enzi za Sauti ya Kenya redio ilikuwa moja, ya serikali, na humo humo mlikuwa na taarabu, mlikuwa na dansi, kisha watu wanasalimiana kwa kadi nusu saa nzima. Fulani wa wapi akiwa wapi anamsalimu fulani wa wapi, mpaka kichwa kinauma. Lakini kila jina lilikuwa jipya.

Hasara ya nyimbo hizi za kurudiwa ni hii. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale gitaa linapokimbia, mguu wangu juu ya kanyagio haunisikii tena, unamsikiliza mpiga gitaa. Siku moja nina kanzu ya mzee mmoja wa mtaani, kazi ya tarizi, nimeishughulikia wiki nzima. Chemko likaingia, mguu ukakimbia, sindano ikapita juu ya mfuko moja kwa moja, nikaushona mdomo. Mwenyewe sina habari. Mzee akaenda nayo Ijumaa. Sanduku la sadaka likaja, mkono unapapasa, mfuko upo, mlango haupo. Wapo waliosema kwa mara ya kwanza amepata udhuru wa kweli.

Basi mwaka juzi stesheni moja, sitaitaja, ikanipa kazi ya mapazia. Nikasema leo nitaonana nao ana kwa ana. Naingia na futi yangu shingoni, nikitarajia mtangazaji na santuri na watu wanabishana ipigwe ipi. Nakuta kiyoyozi, kompyuta, na kijana mmoja anakula viazi karai.

"Mtangazaji yuko wapi? Mbona namsikia anasema yuko nasi studio?"

"Hayo alisema jana, mzee wangu."

Kijana ana adabu, akanifafanulia huku napima dirisha. Nyimbo zimo nyingi, lakini zinazozungushwa ni chache, kompyuta imeshapangiwa. Msikilizaji akikutana na wimbo asioujua anahama, akihama hasikii tangazo, na tangazo ndilo linalonunua viazi. Tena watu hawakai na redio kutwa. Abiria wa matatu anasikia dakika ishirini, anashuka. Wimbo ukirudi mara tatu, kila mmoja kausikia mara moja.

"Mimi je, ninayeusikia mara zote tatu?"

"Wewe mzee ndiye mwenye makosa. Nani alikwambia usikilize kutwa?"

Akaniambia mtindo huu ulianzia Marekani, mji wa Omaha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa bwana mmoja mwenye stesheni, Todd Storz. Husimuliwa kwamba alikaa mahali pa vinywaji, akaona wateja wanatia sarafu kwenye mashine ya muziki, wimbo ule ule, ule ule. Wakati wa kufunga, mhudumu wa kike, aliyeusikia mpaka masikio yakaota sugu, akatoa sarafu yake mwenyewe mfukoni. Akachagua ule ule. Ningekuwapo ningemkamata mkono.

Mapazia nikayapeleka. Pesa, njoo Ijumaa. Ijumaa nikaenda: njoo Ijumaa. Nimekwenda Ijumaa mpaka mlinzi ananiita shemeji.

Haya yote juzi nilikuwa namsimulia mama mmoja aliyekuja kuulizia dera lake. Akanisikiliza wima, hakukaa, hakucheka, funguo anazigongagonga kwenye meza yangu.

"Umemaliza? Redio yako ina nyimbo nne, fundi. Wewe unao mmoja. Dera lilikuwa la harusi. Harusi imepita, bibi harusi kajifungua, mtoto anatambaa. Liko wapi?"

Nikainua macho. Lilikuwa linaning'inia msumarini, zuri, rangi ya zambarau, lina mkono mmoja. Redioni yule bwana akaanza kuachwa, ndiyo kusema adhuhuri imekaribia.

"Njoo Ijumaa, mama."