Nguo Zangu za Ndani na "Unafiki" wa Wathai

Jumamosi tulikutana mjini Khon Kaen, sisi mavolontia tuliotawanywa kwenye shule za vijijini huku Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Mwenzetu mmoja akala wali wake mpaka punje ya mwisho, akafuta mdomo, akatoa hukumu: Wathai ni wanafiki. Ukimuuliza mtu kama ameelewa, anatabasamu. Ukikosea, anatabasamu. Ukimkera, anatabasamu vilevile. Meza nzima ikaitikia kama kwaya.

Nilinyamaza, maana wiki ya kwanza niliyasema hayohayo kwenye grupu la familia, tena kwa sauti ya dakika nne. Sasa nayala matapishi yangu hadharani, lakini na mimi mnisikilize.

Nilipofika mwanzoni mwa Mei nilipewa chumba kwa Mae. Maana yake ni mama, na ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Nyumba yake ina kamba moja ya nguo, imefungwa kutoka nguzo ya baraza mpaka kwenye mwembe, juu ya njia ya kuingilia. Nikafua, nikaanika kila kitu kama kilivyotoka kwenye beseni, nikaenda zangu shule. Jioni nakuta mashati yapo palepale, ila sketi na zile nyingine zimehamia uani, kwenye kichanja cha mianzi kinachonifika magotini. Kila moja na vibanio vyake viwili. Mae yuko barazani anachambua mboga. Akatabasamu. "Kin khao laew bo?" Umeshakula?

Basi. Hakuna neno lingine. Ilipita siku tatu ndipo mwalimu mlezi wangu aliponieleza, akizunguka mbali kweli, kwamba huku kichwa ndicho chenye heshima na miguu ndiyo ya chini, kwa hiyo nguo ya kiunoni haianikwi mahali watu wanapopita chini yake. Yaani mume wa Mae, mzee mwenye mvi zake, alishinda asubuhi ile akipita chini ya chupi za mgeni kutoka Tanga.

Haya, mnaosema unafiki, tuambizane. Mlitaka Mae afanyeje? Bibi yangu wa Muheza ningemsikia tangu njia panda: "We mtoto, umelelewa na nani?" Na majirani watatu wangekuwa wameshajua kabla sijavua viatu. (Kusema kweli hata kwetu vitu hivyo havianikwi barazani. Sijui nilipatwa na nini. Nadhani mtu akipanda ndege, nusu ya malezi inabaki uwanjani.) Mae aliona aibu yangu, akaifunika. Alizishika nguo za ndani za mtu asiyemjua, akazibeba, akazibana mojamoja, akarudi kwenye mboga zake. Hiyo ni kazi, na haina posho. Mimi ndiye nimeandikwa kwenye karatasi kwamba nimekuja kujitolea.

Na si kamba tu. Mimi ni Mwislamu, na Isan nguruwe yuko kila mahali, kwenye supu, kwenye mishikaki, hata kwenye mboga za majani, pale ulipodhani amekusahau. Nilijifunza kusema "ahan itsalam", chakula cha Kiislamu, nikalisema jikoni mara moja tu, kwa woga. Siku ya pili kulikuwa na sufuria mpya, kikaango kipya na kinu kipya cha kupondea saladi ya papai bichi, vimewekwa peke yao kwenye rafu yenye kitambaa. Hakunitangazia. Hakusema amelipa baht ngapi. Siku ile alinichomea samaki, kamsiliba chumvi mwili mzima, kamjaza mchaichai mdomoni, nami nikatazama nikamtambua. Sato! Sato wetu wa Ziwa! Wanamwita pla nin, jina lenye kukumbusha mto Nile, na mbegu yake ilitoka Japani: mwaka 1965 Akihito, wakati huo bado mrithi wa kiti, alimpelekea mfalme Bhumibol wa Thailand sato 50. Kumbe kuna Mwafrika aliyetangulia huku kuwalisha watu, tena kafanya kazi kuliko mimi.

Shangazi yangu bado anauliza, "Kwani wazungu wameisha mpaka uende wewe?" Simlaumu sana. Peace Corps, wale mavolontia wa serikali ya Marekani, walitua Tanganyika 1961 na Thailand 1962, na tangu hapo mtu wa kujitolea ana sura moja tu vichwani mwetu.

Turudi kwenye tabasamu. Wathai wana neno, kreng jai, ambalo vitabu vya wageni hulieleza kurasa kwa kurasa kama ugonjwa wa ajabu. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kurasa. Ni kustahi. Ni ile hali ya kuona mwenzio anaelekea kuaibika, ukageuza macho ili apate nafasi ya kujirekebisha. Sisi tunalo neno na tabia yake tunayo, ila tukiikuta kwa mwingine tunaiita unafiki.

Chukua habari ya wai, ile salamu ya kuunganisha viganja viwili na kichwa kuinama. Wiki ya kwanza niliwapigia wai watu wote, muuza aiskrimu, madereva, na watoto wa darasa la kwanza, tena niliwaanza mimi. Wewe mwenye Kiswahili piga picha mkuu wa shule amesimama getini anamwambia mtoto wa miaka sita "Shikamoo!" Ndicho nilichokuwa nakifanya kila asubuhi, kwa moyo mmoja na meno yote nje. Watoto walikuwa wanajificha nyuma ya mabegi wacheke. Mwalimu mlezi hakunikosoa. Alianza tu kuja kusimama pembeni yangu getini. Mtoto anakuja, anainama, "Sawatdi kha", yeye anatikisa kichwa kidogo na kutabasamu. Mwingine, vilevile. Asubuhi nne mfululizo, mpaka nikashika: ile ni marahaba yao. Alikuwa na kazi zake ofisini yule mama.

Sawa, nakiri kwa shingo upande, kuna siku stahi hii inakera. Jumatano moja nilikesha nakata picha za matunda kwa ajili ya darasa la nne, asubuhi naingia, darasa jeupe. Wote wako uwanjani kwa mazoezi ya sherehe. Walimu wote walijua tangu Jumatatu, na hakuna aliyetaka "kunisumbua". Mai pen rai, hamna neno! Neno lilikuwepo, tena nilikuwa nalo kooni. Lugha nayo inakula njama: klai ya sauti tambarare ni mbali, klai ya sauti inayoshuka ni karibu. Niliuliza posta, nikasikia ninachotaka, nikatembea saa nzima juani.

Na kuna tabasamu moja ambalo silitetei hata kwa dawa. Mwalimu mmoja, mkarimu kabisa, alinionyesha dukani mafuta ya kung'arisha ngozi na kuniambia yatanifaa. Mtoto wa darasa la pili kunisugua mkono na kukagua kidole chake, hilo ni la utoto, nilicheka. Lakini hili la mtu mzima liliniuma. Nimetoka nchi ya mkorogo, nimeuona uzuri wa ndugu zangu ukizikwa kwenye yale makopo, sikuja kuyakuta yamepangwa rafu kwa rafu na kuambiwa kwa upendo. Nilimwambia hapana, asante. Naye akatabasamu, na siku ile sikujua maana yake. Mpaka leo sijui.

Halafu ikaja Alhamisi ya Wai Khru, mwezi Juni, siku ya wanafunzi kuwaheshimu walimu. Wakati wa sala zao niliinamisha macho tu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Tukakalishwa kwenye viti mbele ya ukumbi. Watoto wakaanza kuja wawiliwawili, wakitembea kwa magoti juu ya sakafu, wamebeba maua kwenye sinia zenye miguu: mekundu yenye ncha kama sindano, wakiomba akili kali, maua ya biringanya, kwa sababu huinamia chini, na ukoka, ule ule unaokanyagwa uwanjani kwetu na bado ukatambaa. Binti wa darasa la nne akafika mbele yangu, jasho kwenye pua, ameuma mdomo ili sinia isiyumbe. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu darasani. Nilichomfundisha ni ndizi, embe, papai, na wimbo mmoja ambao hata beti ya pili niliisahau.

Nikataka kunyanyuka nimwinue. Mwalimu mlezi, bila kugeuka, bila kuacha kutabasamu mbele, akaniwekea kiganja juu ya goti na kunigandamiza chini. Nikakaa. Nikapokea kwa mikono miwili. Heshima ya mkopo, na deni langu nalijua mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, mwenzetu, nitakuuliza: wewe nguo zako zimeanikwa wapi, na ni nani aliyezihamisha?

Jana usiku nilijipa moyo. Nikaandika kwa Kithai kwenye simu, nikamwonyesha Mae: ni wewe uliyehamisha nguo zangu ile siku ya kwanza? Akasoma polepole, simu ameishika mbali na macho. Akatazama kamba, akatazama mwembe.

"Lom," akasema.

Upepo. Na vibanio viwiliviwili.